Uwanja au Kiwanja

Nyeri, 4 Februari 2024

Kwako Mwalimu Nekoye, mwana wa dada yangu,

Salamu zikufikie hapo Chwele ukiwa na chaki mkononi na nguvu mwilini. Sisi huku tu wazima, ukiondoa baridi, magoti na masikio. Masikio ndiyo yamekwisha kabisa. Simu uliyonipigia Krismasi niliishika kwa heshima tu, sikusikia hata neno. Tabby, binti yetu, alikuja kutoka Nanyuki, kule anakofanya kazi ya hoteli, akaniletea daftari, na sasa mwenye neno na mimi huliandika humo. Kwa hiyo usipige, andika. Nilikuwa polisi miaka thelathini na miwili, na katika kazi yetu jambo ambalo halikuandikwa kitabuni halikutokea.

Beth wangu anakusalimu. Nikimtajia jina lako hutabasamu kwanza, kisha huuliza ni nani. Wiki jana aliniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ni Sajini Masinde, akanipigia saluti, tukacheka sana. Baadaye nilikwenda jikoni nikalia kidogo. Nakuambia wewe kwa sababu uko mbali.

Kuna kitu kimoja ambacho hajakisahau, nacho ni Kiharo. Unaukumbuka ule uwanja wa nyasi nyuma ya mtaa wetu, ulikocheza mlipotutembelea ukiwa darasa la sita? Miti ya pale Beth na wanawake wenzake ndio walioipanda. Kila asubuhi huvaa gambuti, hutoka peke yake, hufuata ule ua wa miiba ya kaiyaba mpaka unapoishia, kisha huuzunguka uwanja mara mbili, huchuma mboga za managu pembezoni na kurudi. Simfuati. Ni saa moja ya siku ambayo yeye si mgonjwa na mimi siko zamu.

Sasa jambo lenyewe. Watu wa mradi wanataka kujenga nyumba za bei nafuu za wazee, ghorofa tatu. Wana sehemu mbili za kuchagua: Kiharo, au kule mlimani lilikokuwa timbo la mawe. Nyumba zenyewe si jambo baya. Wengi wetu hapa tumepanga vyumba vinavyovuja, na wenye nyumba hawapendi wapangaji wenye mikongojo. Lakini wakajenge timboni. Mimi sikujiandikisha. Mwenye nyumba akinitoa, nitamchukua Beth tuje Chwele, nijenge kwenye sehemu yangu, pale penye mvule nilioupanda mwaka niliojiunga na polisi. Natumai hilo litakuja siku ambayo Beth hatakuwa akijua tena kama yuko Nyeri au wapi. Kabla ya hapo, Kiharo ni dawa yake. Mtu mwenye kwao hagombanii chumba.

Wazee wamenichagua niandike maombi, kwa kuwa niliandika ripoti maisha yangu yote. Lakini barua ya ofisini lazima ivae sare, na ngeli zako zilinishinda tangu zamani. Nakutumia yote, ila sentensi kubwa ni hii: "Sisi wazee tunaomba tuachiwe hii uwanja, ndiyo mahali yetu ya kupumzika." Nyoosha kola, funga vifungo, unirudishie kabla ya tarehe kumi na tano mwezi ujao.

Na mvule wangu umefika wapi? Ulipokuwa mdogo uliweza kuukumbatia.

Mjomba wako,
Sajini (mstaafu) Masinde

*

Chwele, 3 Machi 2024

Mjomba wangu,

Pokea salamu za hapa nyumbani, nyingi kama mahindi ya mwaka ule tuliokosa mahali pa kuyaanika. Mama anakusalimu. Mguu wake unamsumbua asubuhi, ukipata jua unamtii. Bado anaishi katika ile nyumba ndogo nyuma ya kwa mjomba Maxwel, na Maxwel humletea kuni na maji bila kuombwa. Mimi niko na kidato cha nne, watoto wa kuniua. Mmoja ameandika katika insha kwamba mwalimu mkuu "alifariki kidogo" kisha akapata nafuu. Nilicheka mpaka nikakosa kumpa sufuri.

Anti Beth mwambie Nekoye ni yule msichana aliyekula ndizi zake zote akasingizia paka. Huenda akakumbuka paka.

Barua yako nimeisahihisha. Makosa hayakuwa mengi kuliko ya walimu wenzangu. Sentensi yako kubwa sasa inasomeka hivi: "Sisi wazee tunaomba tuachiwe kiwanja hiki, kiwe mahali petu pa kupumzika." Ngeli zote zinapatana. Nimeichapa kwa kompyuta ya shule, wewe weka sahihi tu. Tafadhali usiinakili upya kwa mkono, utayarudisha makosa.

Niruhusu neno moja lisilo la sarufi. Jiandikishe kwa hizo nyumba. Kujiandikisha si kuhama, Mjomba. Umri wako na hali ya Anti vinatosha kukuweka juu ya orodha.

Kuhusu miti, mvua ya mwaka jana ilikuwa ya baraka. Kila kitu kimeota.

Mwanao,
Nekoye

*

Nyeri, 24 Machi 2024

Mwalimu Nekoye,

Natumai mguu wa dada yangu unaendelea kutii amri. Hapa mvua imeanza, na Beth anarudi kutoka Kiharo na matope mpaka magotini, akiwa na furaha ya mtoto. Nilimwambia habari ya paka. Alisema, "Huyo paka alikuwa mwizi sana." Kwa hiyo umesamehewa.

Nakupa ripoti. Jumanne tarehe 19, saa nne asubuhi, tulikutana katika ukumbi wa kanisa kutoa maoni ya wananchi. Nilivaa koti la kijani na medali moja. Nilikaa mstari wa kwanza, Beth kulia kwangu akimenya chungwa. Ofisa wa mradi alisimama akasoma barua yetu kwa sauti, nadhani, maana mdomo wake ulikwenda muda mrefu. Alipomaliza, ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Akanielekea, akauliza kitu. Nikaitikia kwa kichwa. Akauliza tena, nikaitikia tena, kwa nguvu zaidi, ili wa nyuma waone. Alishuka jukwaani akanipa mkono kwa mikono yake miwili. Nekoye, sijapewa heshima ya namna ile tangu gwaride langu la mwisho katika chuo cha polisi Kiganjo. Sare ya barua ilikaa vyema, nakushukuru.

Habari nyingine si nzuri lakini si ya kukutia hofu. Mwenye nyumba ameandika katika daftari langu kwamba anataka nyumba yake mwisho wa mwaka. Basi safari ya nyumbani imesogea. Mwambie Maxwel aanze kunitafutia fundi.

Umeniambia kila kitu kimeota. Mimi niliuliza mti mmoja. Nilipokuwa kazini, shahidi aliyejibu hivyo nilimrudisha kwenye kiti nikamuuliza upya.

Mjomba wako,
Masinde

*

Chwele, 12 Mei 2024

Mjomba,

Samahani kwa kuchelewa. Shule zinafunguliwa kesho, na mitihani imerundikana mezani kunishinda kimo. Mama hajambo, anakusalimu. Maxwel pia.

Nimemtumia Anti sweta niliyoifuma mwenyewe. Mkono mmoja umerefuka kuliko mwingine, lakini ina joto.

Fundi bado hajapatikana. Je, ulijiandikisha?

Mwanao,
Nekoye

*

Nyeri, 7 Julai 2024

Nekoye,

Sweta ilifika. Beth huivaa, mkono mrefu huufanya mfuko wa managu. Asante.

Huu ni mwezi wa ukungu huku kwetu, mlima hatujauona siku kumi na moja. Ndani ya ukungu huo, Jumatatu iliyopita, walikuja vijana na kamba na vigingi wakapima Kiharo kutoka kona hadi kona. Beth aling'oa vigingi vinne akavileta nyumbani kama kuni. Nilivirudisha mwenyewe, kwa sababu mimi ni polisi.

Tangu Aprili watu wa hapa hawanisalimii. Nilidhani ni kwa sababu ya daftari, labda wamechoka kuandika. Nikamfuata Mathenge, mwenyekiti wetu wa wazee, ambaye nimekunywa naye chai miaka kumi na tano. Nilimpa kalamu. Nakunakilia alichoandika, neno kwa neno: "Ati unauliza nini na wewe ndiye ulituuza? Ulisema wazee wanataka kujengewa. Ukaulizwa mara mbili mbele ya watu wote, ukaitikia. Sisi tunaitwa wajinga juu yako."

Nilirudi nyumbani nikatoa nakala ya barua. Kisha nikachukua ile kamusi uliyonizawadia nilipostaafu, ukaandika ndani, "Ili Mjomba asishindwe tena na ngeli." Uwanja ni mahali pa wazi, pa kuchezea na kukutania. Kiwanja, mwanangu, kinaweza kuwa hivyo, lakini kwanza kabisa ni ardhi iliyotengwa kwa kujenga. Na mimi niliandika "ndiyo mahali yetu", maana yake palipo sasa. Wewe ukaandika "kiwe mahali petu", maana yake pageuzwe. Ofisini walisoma kwamba wazee wanaomba ardhi igeuzwe makao. Timbo la mawe limeachwa. Sahihi iliyo chini ni yangu.

Nimewaandikia kueleza kosa. Wamejibu kwa adabu kwamba maoni ya wananchi yalikwisha kupokelewa, na kwamba nilithibitisha mwenyewe ukumbini.

Wanafunzi wako wakichanganya uwanja na kiwanja unawapiga mstari mwekundu, najua. Kwa hiyo swali langu ni moja tu, nataka ujibu hilo kabla ya salamu. Uliteleza, au ulisukuma?

Masinde

*

Chwele, 29 Septemba 2024

Mjomba,

Nilisukuma.

Nimeandika barua hii mara sita tangu Agosti, na mara zote nilianza na salamu, nikajikuta nimejaza kurasa mbili za mvua na mahindi. Sasa umepata jibu mbele, kama ulivyotaka. Sikuteleza. Nilijua neno linaweza kusomwa pande mbili, nikajua ofisini watalisoma upande upi. Niliwaza kwamba ukigundua utasema ni ngeli.

Mvule wako ulikatwa mwaka juzi. Mbao zake ni milango ya nyumba mbili za watoto wa Maxwel. Nyumba zenyewe zimejengwa kwenye sehemu yako, Mjomba. Sehemu iliyobaki imepandwa miwa mpaka mtoni. Maxwel alisema wewe umeoa Nyeri, umezalia Nyeri, utazikwa Nyeri, na kwamba ardhi haimngojei mtu miaka arobaini. Wazee wa ukoo walikaa, wakala kuku, wakakubali. Mimi nilikuwa nikitoa chai. Maxwel alinifuata jikoni akasema, "Wewe mwalimu wa kuandikaandika barua, Masinde akijua hii maneno, mama yako atatafuta mahali ingine ya kulala."

Mama hana pengine. Nyumba yangu ni chumba cha shule, na sheria ya shule haimruhusu. Kila kuni na kila ndoo ninayokusifia katika barua zangu hutoka kwenye mkono huo. Nilikaa kati ya wazee wawili, wewe na Mama, na nyote wawili hamna mahali, ila mmoja wenu ndiye aliyekuwa hajui. Uliponiandikia kwamba hujajiandikisha kwa sababu una kwenu, nilikosa usingizi. Nilikuona ukishuka garini na Anti Beth na masanduku, ukiuliza mti uko wapi.

Sikuweza kukuambia kweli, nikabadili neno. Ilikuwa rahisi sana, hilo ndilo linalonitia aibu. Nilifuta herufi moja, nikaongeza mbili.

Nilidhani wakijenga hapo mlangoni pako utashindwa kukataa. Kiharo sikukifikiria. Nilikumbuka uwanja wa watoto tu. Habari ya Anti na kaiyaba na managu niliisoma mbio mbio, nikitafuta makosa.

Sasa umejua, na umejua pia kwamba ukimwandikia Maxwel neno moja, Mama atalala nje. Sikuombi msamaha katika barua hii kwa sababu nitaonekana naomba pia usimwandikie Maxwel. Fanya utakavyoona ni haki. Lakini jiandikishe, Mjomba. Nakupigia magoti.

Nekoye

*

Jengo B, ghorofa ya pili, Nyeri
16 Novemba 2025

Nekoye, mwana wa dada yangu,

Mwaka umepita na zaidi. Barua zako nne zilifika. Sikuzijibu, lakini nilizitunza kwa tarehe. Salamu kwako na kwa dada yangu. Sikumwandikia Maxwel, wala sitamwandikia. Mwambie dada alale vizuri. Mtu mzima mmoja kukosa kwao kunatosha.

Nitakueleza kwa mpangilio. Mwisho wa Novemba mwaka jana tulitoka katika ile nyumba, tukapanga chumba Kiganjo, nyuma ya maduka. Nilipachagua kwa sababu napajua. Nilikosea, maana mimi ndiye niliyepajua. Beth aliamka siku ya sita, akavaa gambuti, akatoka kutafuta kaiyaba. Kiganjo hakuna ua wa kaiyaba unaokwenda Kiharo. Aliufuata ukingo wa lami kutoka asubuhi hadi saa tisa, na mimi nilikuwa nikimwita kwa sauti, nisisikie kama anaitikia. Hilo ndilo jambo baya kuliko yote niliyopata maishani, kuita na kutoweza kusikia jibu. Kurutu mmoja wa chuoni alimrudisha. Alikuwa amepoteza buti moja. Siku tatu baadaye nilikwenda ofisi ya mradi, nikajiandikisha.

Tulihamia hapa mwezi wa Septemba. Nyumba ni nzuri, nisiseme uongo. Ina vyumba viwili, maji ya moto, choo chenye chuma cha kushikia. Haivuji. Zahanati iko chini. Mathenge amepata mlango unaotazamana na wetu, baada ya maneno yote yale. Siku ya kwanza alipita bila kunitazama. Siku ya pili aliomba kibiriti. Juzi aliandika katika daftari langu, "Nyumba ni poa, lakini moyo yangu iko na hasira." Nikamwandikia chini yake kwamba na wangu.

Kwa hiyo nakasirika, Nekoye. Nilifikiri mwaka utaipunguza hasira, haukuipunguza. Ungeniambia kuhusu mti ningeumia, kisha ningekaa na Mathenge na wenzangu tukapigania timbo, nyumba zingejengwa kule, na ningejiandikisha kama wao. Tungepata vyote viwili. Au tungeshindwa, lakini tukishindwa kwa maneno yetu. Wewe ulinionea huruma ukaniona mtoto. Nakupenda kama binti yangu, na hilo bado sijaweza kulimeza.

Wameacha kipande cha nyasi kati ya Jengo A na Jengo B. Nilikipima: hatua ishirini kwa tisa. Kuna kibao cha kukataza watu wasikanyage. Mti mmoja wa akina Beth umebaki, karibu na tangi la maji. Kaiyaba iling'olewa yote.

Naye Beth? Kila asubuhi anaamka, anavaa gambuti jipya alilonunuliwa na Tabby, anavaa sweta yako yenye mkono mrefu, anasimama mlangoni. Midomo yake naielewa bila daftari. Anasema, "Twende Kiharo." Mwanzoni nilijaribu kumweleza habari ya mradi. Siku hizi namshika mkono, tunashuka ngazi polepole, tunatoka nje, tunasimama mbele ya nyasi zilizokatazwa. Namwambia, "Mama Tabby, tumefika." Ananitazama jinsi nilivyokuwa nikiwatazama mashahidi wa uongo. Kisha anatazama huku na huku, anageuka, na kuanza kuipanda ngazi, kwa sababu anadhani nimempoteza njia.

Hii uwanja ilikuwa yetu. Nimeandika hivyo makusudi, na kamusi iko hapa mezani.

Njoo utuone likizo ya Aprili. Njoo na dada kama mguu utakubali. Kuna kitanda cha tatu, na hapa hakuna wa kumfukuza. Barua hii ukikuta makosa ndani yake, yaache yalivyo.

Mjomba wako,
Masinde